Karatasi ya Kura Imekaa Mezani Siku 12

Bahasha ya msajili wa wapiga kura wa kaunti ya Alameda ilifika Jumatatu ya tarehe 17. Leo ni Jumamosi, tarehe 29 Oktoba 2022, na karatasi bado iko juu ya meza ya jikoni, imeegemea chupa ya chai, imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imelegea. Mama Swafiya ameshaniuliza mara tatu nangoja nini.

Hapa California kila mpiga kura aliyesajiliwa hupelekewa karatasi yake nyumbani. Unaijaza kwa wino, unaitia kwenye bahasha, unatia sahihi nje, unairudisha bila stempu. Ikigongwa muhuri wa posta kufikia Jumanne ya tarehe 8 Novemba, imehesabika. Hakuna foleni ya alfajiri, hakuna wino kidoleni. Mara yangu ya kwanza kupiga kura nikiwa raia wa nchi hii ilikuwa 2020, na mwaka ule rais alikuwa juu ya karatasi, akameza kila kitu. Nilijaza jina lake kwa makini, kisha nikayapita yaliyobaki mbio mbio, kwa kuwa nilikuwa na shifti ya saa kumi usiku. Mwaka huu ni uchaguzi wa katikati ya muhula. Rais hayumo. Yaliyokuwa nyuma ndiyo yamekuja mbele: mapendekezo saba ya jimbo, yaani sheria ambazo wapiga kura wenyewe huzipitisha au kuzikataa, hoja nyingi za mji wetu wa Oakland, meya, bodi ya shule, majaji. Karatasi ni ndefu kuliko mkono wangu.

Ninaichelewesha kwa sababu ya mwaka 2005. Nilikuwa na miaka 19, Majengo, Mombasa. Tarehe 21 Novemba Wakenya tuliitwa kuamua kuhusu rasimu ya katiba, ndizi ikiwa Ndiyo na chungwa likiwa Hapana. Baba alikuwa na nakala ya ile rasimu, ameifunga kwa mpira wa kuzibia mitungi, ameiweka juu ya kabati la vyombo. Alinisomea vifungu viwili siku moja baada ya magharibi, nikawa natazama mlango. Vijana wenzangu wote walikuwa machungwa, nami nikawa chungwa. Chungwa likashinda, tukashangilia hadi usiku. Siku iliyofuata Baba aliniuliza: "Umekataa kifungu gani?" Sikuwa na jibu. Hakunikemea. Aliirudisha ile rasimu juu ya kabati, na mimi nikaanza kuona haya ambayo sijaimaliza hadi leo. Ilipokuja katiba ya 2010 niliisoma yote, na vile vifungu vya mahakama za Kadhi nilivisoma mara mbili, ndipo nikapiga Ndiyo nikijua nimekubali nini.

Kwa hiyo mwaka huu nimesoma. Jimbo hutoa kitabu cha mwongozo kwa lugha kumi, Kiswahili hakimo, nikakisoma kwa Kiingereza. Vipeperushi vilivyokuja kwa posta nimevitia ndani ya boksi la viatu. Jana usiku nilivihesabu, ni 43. Nilianza na kile ninachokijua kwa mikono yangu, ambacho ni Pendekezo la 29.

Mimi ni fundi wa mashine za kusafisha damu. Kazi hii nimeifanya tangu 2016. Kliniki yangu sitaitaja. Wagonjwa wetu figo zao zimekufa au karibu zimekufa, huja mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye kiti saa tatu hadi nne, sindano mbili mkononi, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi. Wa kwanza huingia kabla ya alfajiri. Ninawapima uzito, ninahesabu maji ya kuwatoa mwilini, ninatafuta mshipa. Mtu akitolewa maji upesi mno, presha inashuka. Uso unabadilika kwanza, kabla hata mashine haijalia. Mwenye kuwajua watu wake huliona. Unalaza kiti, unampa maji ya chumvi, unamwita muuguzi. Muuguzi aliyesajiliwa lazima awepo jengoni wakati wote watu wako kwenye mashine, hiyo ni kanuni ya serikali ya shirikisho. Daktari hupita siku zake, anaona wagonjwa wake, anabadilisha dawa, anaondoka.

Pendekezo la 29 linataka daktari, au muuguzi bingwa, au msaidizi wa daktari, mwenye uzoefu wa miezi sita wa kutibu figo, awepo muda wote. Linataka maambukizi yaripotiwe kwa jimbo. Linataka kliniki isifunge wala kupunguza huduma bila ruhusa ya jimbo, isimkatae mgonjwa kwa sababu ya bima yake, na madaktari wenye hisa ya asilimia 5 au zaidi kwenye kliniki wajulikane. Hii ni mara ya tatu kliniki hizi kuletwa kwa wapiga kura: 2018 la 8 lilitaka kuwekea kikomo mapato yao, 2020 la 23 lilifanana na hili, na yote mawili yalikataliwa. Nyuma yake kiko chama cha wafanyakazi wa afya, SEIU-UHW. Pesa nyingi za kulipinga zimetoka kwa DaVita na Fresenius, kampuni ambazo zina uhusiano na karibu robo tatu ya kliniki za jimbo hili.

Mwaka 2020 nililipigia Ndiyo. Mwenzangu wa shifti alisema Ndiyo, nikasema Ndiyo. Lilikuwa chungwa langu la pili.

Safari hii nilisoma kitabu huku nikiona sakafu ya kliniki yetu. Upande mmoja unaniambia daktari akiwepo watu watakuwa salama. Upande wa pili, ambao umejaza televisheni kwa makoti meupe, unaniambia kliniki zitafungwa na watu watakufa. Nikatafuta ndani ya maneno hayo yote kazi ninayoifanya mimi, sikuiona. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba fundi mmoja huwa na wagonjwa wanne, na kwamba wawili wakishuka presha kwa wakati mmoja una mikono miwili tu. Jimbo hili halina sheria ya fundi mmoja awe na wagonjwa wangapi. Mngeniuliza mimi, ningesema hapo ndipo penye roho za watu. Daktari aliyekaa ofisini nyuma hataona uso ukibadilika kwenye kiti cha 11.

Mchambuzi wa Bunge, ambaye maelezo yake yamo ndani ya kile kitabu na ndiye pekee asiyepiga kelele, anasema gharama itapanda kwa wastani wa dola laki kadhaa kwa mwaka kwa kila kliniki, na kwamba nyingine huenda zikafunga. Kliniki ni kama 650, wagonjwa karibu 80,000. Wengi wako chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya shirikisho, ambayo hulipa kiasi kilichopangwa. Hapo sioni mahali pa kudharau.

Wiki iliyopita, nikimfunga bendeji mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi, nilimuuliza anaonaje. Sikumwambia changu. Alinyamaza kidogo, akatazama kile kiti, akaniambia daktari hamwogopi wala hamtamani, anachoogopa ni siku atakayokuja akaambiwa kiti chake kimehamia mji mwingine. Ana binti mmoja wa kumleta, naye anafanya kazi mbili. Tangazo lolote la televisheni halijanigusa kama maneno yale.

Nimepiga Hapana. Nimeandika hivyo nikiwa na uchungu, kwa sababu mle ndani mna mambo mazuri: ripoti za maambukizi tayari hupelekwa kwa serikali ya shirikisho, lakini kuzifikisha jimboni na kuzifanya watu wazione kungewasaidia wanaochagua kliniki. Kutomkataa mtu kwa bima yake, nani atapinga? Wangeyaleta hayo peke yake, na wakaleta idadi ya wagonjwa kwa kila fundi, ningetembea mlango kwa mlango kuyatafutia kura.

Kisha nikakaa na boksi la viatu mbele yangu nikajiuliza jambo ambalo lilibadilisha juma langu zima. Ikiwa kwa hili ninalolijua, vipeperushi vya pande zote mbili havikuwa na ukweli wa kazi ndani yake, je, vile vya mambo nisiyoyajua? Tangu hapo nimeviacha. Kwa kila pendekezo nimetafuta mtu mmoja anayeligusa kwa mikono, nikamuuliza.

Pendekezo la 30 lingetoza asilimia 1.75 zaidi kwenye kipato cha mtu kinachozidi dola milioni 2 kwa mwaka, na pesa nyingi ziende kwenye magari ya umeme na vituo vya kuyachaji, sehemu ya tano iende kwenye moto wa misitu. Mwanzo nililipenda. Tumeshawahi kuamka hapa mbingu ikiwa nyekundu kama mkaa, Septemba 2020, na binti yangu akauliza kama ni Kiyama. Lakini gavana Newsom, anayetaka magari ya umeme kuliko wote, anapinga, huku chama chake kinaunga mkono. Lyft, kampuni ya teksi zinazoitwa kwa programu ya simu, ndiyo imetoa pesa nyingi za kampeni ya Ndiyo, na jimbo limeshaziagiza kampuni za teksi za programu kwamba kufikia 2030 asilimia 90 ya maili zao ziwe za umeme. Nikampigia simu rafiki yangu wa Arusha anayeendesha teksi ya programu usiku. Akaniambia: "Ndugu yangu, gari ni langu, mkopo ni wangu. Kampuni imeagizwa, mimi ndiye nitakayenunua." Yeye anasema Ndiyo, kwa kuwa bila ruzuku hana njia. Anasema pia anajua anabebeshwa. Mimi nimeliacha wazi hadi kesho. Mtu anayeligusa kwa mikono anasema Ndiyo, na moyo wangu bado unasita kuona kampuni ikilipiwa agizo lake kwa kodi ya umma, hata kama kodi yenyewe ni ya matajiri.

La 26 na la 27 hayakunichukua muda. Yote ni kamari ya michezo, la kwanza kwenye kasino za makabila ya Wahindi Wekundu na viwanja vya mbio za farasi, la pili kwenye simu. Kampeni zake zimekula zaidi ya dola milioni 400, na hilo la simu linauzwa kama dawa ya watu wasio na makazi, kwa kuwa kodi yake ya asilimia 10 sehemu kubwa ingekwenda huko. Nani hapa Oakland asiyetaka watu wa mahema ya Wood Street wapate nyumba? Lakini mdogo wangu yuko Mombasa. Alikuwa na pikipiki ya bodaboda tuliyomchangia familia nzima. Kamari ya simu iliichukua kwa mwaka mmoja, shilingi hamsini hamsini, usiku akiwa kitandani, mkewe akidhani anasoma habari. Niliposoma maneno "kwenye simu" nilimwona yeye. Hapana, na Hapana.

La 28, pesa za muziki na sanaa shuleni, Ndiyo. Swafiya ana miaka saba na amejifunza kuimba kwa sauti mbili mwaka huu. La 31 linachanganya, kwa sababu ukipiga Ndiyo unaiunga mkono sheria ya 2020 ya kupiga marufuku tumbaku yenye ladha. Wengi kazini walidhani Ndiyo ni kuiruhusu. Nami ni Ndiyo. La 1, linaloweka haki ya kutoa mimba na ya kupanga uzazi ndani ya katiba ya jimbo, limeletwa baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuifuta Roe, hukumu yake ya zamani iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, mwezi wa Juni. Mimi na Mama Swafiya tumelizungumza usiku mbili, taa ikiwa imezimwa. Yaliyosemwa ni yetu sisi wawili.

Wagombea. Seneta Padilla na mpinzani wake Meuser wako mara mbili kwenye karatasi, mara moja kwa miezi miwili iliyobaki ya muhula wa sasa na mara moja kwa miaka sita. Mjue mapema, msije mkadhani mmekosea. Nafasi iliyonisumbua ni ya mdhibiti wa fedha wa jimbo, anayelipa madeni ya serikali na kukagua matumizi. Malia Cohen wa Democrat, Lanhee Chen wa Republican. Vyeo vyote vya jimbo zima vimeshikwa na Democrat, chama ninachokipigia karibu kila mahali. Lakini Baba alikuwa na duka la nafaka, na alikuwa akisema anayehesabu duka asiwe shemeji wa mwenye duka. Naelekea kwa Chen. Rafiki zangu watanilaumu, na nitawasikiliza.

Meya tunampanga kwa nafasi: majina kumi, unaweza kuchagua hadi watano, wa kwanza hadi wa tano. Mama Swafiya aliniambia nimfafanulie. Nikamwambia ni kama ukinituma soko la samaki. Umesema nguru. Kama nguru kaisha, kolekole. Kama kolekole kaisha, changu. Sirudi mikono mitupu, wala sikuharibii chaguo lako la kwanza kwa kunitajia la pili. Akasema: "Basi usiandike samaki usiyetaka kumla." Maneno yale yamenisaidia kuliko mjadala wowote. Nilikuwa nimejaza watano kwa kuwa nafasi ni tano. Nikawafuta wawili, wamebaki watatu. Sheng Thao na Loren Taylor wote ni madiwani na wote wamo kwenye watatu wangu. Anayetangulia nimembadilisha mara nne. Thao anazungumzia wapangaji kama sisi. Taylor ana mipango ya kazi iliyoandikwa kwa namba, na mimi ni mtu wa namba. Mmoja wao huenda akashinda kwa kura chache mno, kwa hiyo nitaamua nikiwa nimelala vizuri.

Majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo siwajui, na sikumpata mtu anayewagusa kwa mikono. Nimewaacha bila alama. Inaruhusiwa, na karatasi haiharibiki.

Iliyobaki ni Hoja S. Hii inasema Baraza la Mji liruhusiwe kuwapa wazazi wasio raia haki ya kuchagua bodi ya shule, bodi ya shule peke yake. San Francisco walipitisha kama hiyo 2016. Mwaka huu jaji mmoja ameikataa akisema inakwenda kinyume cha katiba ya jimbo, na kesi iko rufaa.

Mama Swafiya ana grini kadi. Alikuja na binti yetu Januari 2019, ameomba uraia mwaka huu, tunangoja barua ya kuitwa. Yeye ndiye anayempeleka Swafiya shule, ndiye anayehudhuria mikutano, ndiye aliyekaa hadi saa tano za usiku kwenye kompyuta Februari, bodi ilipopiga kura ya kufunga na kuunganisha shule. Mimi wakati huo hulala, kwa sababu ya shifti. Jina la mwalimu wa darasa nalijua kwa kuambiwa na yeye. Halafu karatasi ya bodi ya shule inakuja kwa jina langu.

Jana baada ya chakula nilimpa hoja yenyewe aisome. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akasoma na hoja za upinzani. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza: "Ikipita, majina ya watakaojiandikisha yatakaa wapi?"

Nikamwambia ukweli: San Francisco wenyewe huwaonya wazazi kwamba taarifa zao zinaweza kufikiwa na watu wa uhamiaji.

"Na kwenye fomu yangu ya uraia kuna swali kama nimewahi kupiga kura nchi hii."

"Lipo."

Akaikunja karatasi ya maelezo, akaiweka juu ya ile ya kura. Akasema yeye, hata wakimpa leo, hatajiandikisha, atangoja kiapo chake. Hataki kuanza uraia kwa kumfafanulia afisa jambo dogo lililokuwa halali Oakland peke yake. Basi nikashika kalamu, nikamwambia nitapiga Hapana, kwani wewe ndiye unayeligusa hili kwa mikono.

"La, Baba Swafiya. Piga Ndiyo."

Nikamtazama.

"Yule mama wa Guatemala ninayekaa naye mikutanoni ana watoto watatu pale, na hana fomu yoyote anayongojea. Yeye anaweza kutaka. Mimi naogopa kwa sababu zangu. Usimfungie mlango kwa woga wangu."

Nikaijaza nafasi ya Ndiyo kwa wino mweusi, yeye akiwa amesimama kando yangu, ameshika taulo la vyombo.